KITI CHA KUPEWA

Masomo: Luka 5:1-3, Matendo ya Mitume 8:26-40, Matendo ya Mitume 27



Hivi karibuni tulikwenda maziko upande wa Rulenge. Gari lilikuwa moja, tena la kuombwa, na kiti cha mbele kando ya dereva kilikuwa kimoja. Waliokuwapo wanakumbuka yaliyotokea. Mzee mmoja wa kanisa alisema kiti ni chake kwa sababu ya umri na cheo. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alisema ni chake kwa sababu ya miguu. Mwingine akasema yeye ndiye aliyempigia simu mwenye gari. Wakabishana mpaka jua likapanda, na dereva amesimama kando, funguo mkononi, akiwatazama. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza dereva. Hatutaji majina, kwa maana tunaishi pamoja, na marehemu alizikwa salama ijapokuwa tulichelewa sala.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwaza juu ya kiti cha kupewa. Sisi watu wa Lukole tunakijua sana kiti hicho. Tangu zamani hapa petu mtu husafiri kwa lifti. Lori litokalo Isaka kwenda Rusumo, pikapu ya mradi, Landrova ya misheni, pikipiki ya padri: mara nyingi kufika kwetu hospitalini, sokoni au kwenye mtihani kumetegemea neno moja la mtu aliyeshika usukani, naye akisema hapana, basi ni hapana. Lakini adabu ya kiti hicho hatukufundishwa shuleni. Sisi wenyewe tulifundisha watoto kwa miaka mingi, na kabla ya hapo tulikaa chuo cha ualimu tukifundishwa namna ya kufundisha, wala hatukumbuki somo lolote juu ya jambo hili.

Mwana wa ndugu yetu, ambaye kazi yake ni katika kiwanja cha ndege nchi za nje, alipokuja likizo alitueleza habari iliyotushangaza. Alisema marubani nao huomba lifti. Tulicheka, tukidhani anatutania. Lakini ni kweli. Kule Marekani marubani wengi hukaa mji mmoja, na kazi yao huanzia mji mwingine ulio mbali, pengine mbali kuliko toka hapa mpaka Dodoma. Hivyo kabla ya kuanza kazi rubani husafiri kama abiria, na akimaliza husafiri tena kurudi kwa mke na watoto. Mara nyingi viti vya abiria vimejaa. Basi ndani ya chumba cha marubani, nyuma yao, mna kiti kidogo cha kukunja. Hicho ndicho anachoomba. Halipi kitu, lakini pia hawezi kukidai.

Tukamwuliza, adabu yake ni nini? Naye akatueleza, nasi tukaandika katika daftari, kama ilivyo desturi yetu.

Kwanza, hata kama karatasi zake zote ni sawa na wenye kampuni wameruhusu, hapandi kimya kimya akaketi. Humwendea rubani mkuu mwenyewe, hujitaja jina na kampuni yake, na kuomba ruhusa ya kusafiri nao. Ndege ile siku ile iko mikononi mwa rubani mkuu. Akikataa, hakuna wa kumlazimisha. Pili, huja mapema, tena amevaa kwa heshima, na mzigo wake ni mdogo. Tatu, kama yuko mwenye haki zaidi, kwa mfano rubani wa kampuni ile ile, humpisha bila kununa, hata kama yeye ndiye aliyetangulia kufika na kesho yake ana kazi. Nne, akiisha kuketi, hagusi kitu. Wala hasemi, “Mimi ningefanya hivi.” Ndege inapopanda na inaposhuka hunyamaza kabisa, isipokuwa ameona hatari. Mwisho, wakifika, hashuki kabla ya kushukuru.

Juu ya kunyamaza tulimwuliza zaidi, maana jambo hilo latuhusu sana. Alisema si adabu tu, ni sheria kwa marubani wenyewe. Mwaka 1974, mwezi Septemba, ndege moja ilikuwa ikishuka katika ukungu kwenye mji wa Charlotte, Marekani. Marubani wake walikuwa wakizungumza mambo ya siasa na biashara ya magari yaliyotumika, wasiangalie vema jinsi walivyoshuka. Ndege ikaanguka kabla ya kufika kiwanjani, na watu zaidi ya 70 wakafa. Mwaka 1981 ikawekwa sheria kule kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000 mazungumzo yasiyo ya kazi yakome. Sasa ndugu, fikirini jinsi sisi tunavyompigia dereva makelele kwenye mteremko wa kwenda Rusumo, kuna lori mbele na lori nyuma, nasi twataka ageuze shingo aone picha ya arusi katika simu. Wako hata wanaomhubiria. Kuhubiri ni kwema, lakini mhubiri na angoje mpaka gari lisimame.

Habari mbili alizotusimulia kijana yule zimekaa moyoni mwetu.

Ya kwanza ni ya tarehe 7 Aprili, 1994. Sisi tarehe hiyo tunaikumbuka kwa sababu nyingine: ndege ya Rais wa Rwanda ilikuwa imetunguliwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na kabla mwezi haujaisha tuliwaona watu wakivuka daraja la Rusumo, wapatao 250,000 katika muda wa siku moja, wakajaa Benaco yote. Lakini siku hiyo hiyo ya tarehe 7, mbali sana, katika mji wa Memphis, Marekani, ndege ya mizigo ya kampuni ya FedEx ilikuwa tayari kuruka. Wahudumu watatu walipoingia walimkuta mfanyakazi mwenzao aliyeomba kiti cha lifti. Ameketi katika kiti cha mhandisi wa ndege, si katika kiti chake. Walishangaa kidogo, lakini wakamkaribisha kwa upole. Ndani ya kasha la gitaa alikuwa ameficha nyundo. Alikuwa na kesi kazini, akaogopa kufukuzwa. Walipokwisha kuruka aliwapiga wote watatu vichwani akitaka ndege ianguke. Watu wale, damu zikiwatoka, walipigana naye na kuirudisha ndege chini. Hakuna aliyekufa, lakini hawakuweza tena kurusha ndege za kampuni. Yule alihukumiwa kifungo cha maisha.

Twaona hapa kwamba kiti cha kupewa ni kitu cha hatari kwa anayekitoa. Yeye amekuweka nyuma ya kisogo chake. Amekuamini asipoweza kukuona. Dereva wa lori aliyewapakia watu usiku katika pori la Biharamulo, wakati ule magari yalipokuwa yakisindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi, alijua hatari hiyo vizuri sana. Walikuwako madereva waliokataa kupakia mtu yeyote, nasi tukiwa kando ya barabara tuliwaita watu wabaya wasio na utu. Leo hatuwezi kuwaita hivyo. Walikuwa na watoto nyumbani.

Habari ya pili ni ya tarehe 19 Julai, 1989. Ndege kubwa ya kampuni ya United ilikuwa ikitoka Denver kwenda Chicago, na ndani yake watu 296. Katikati ya safari injini ya mkiani ilipasuka, ikakata mabomba yote ya mafuta yanayosaidia kugeuza ndege. Rubani mkuu, Alfred Haynes, akawa kama mtu ashikaye usukani uliokatika. Sasa kati ya abiria alikuwamo mwalimu wa marubani wa ndege za aina ile, jina lake Dennis Fitch, aliyekuwa akisafiri tu. Yeye hakukimbilia mlango wa chumba cha marubani na kupiga kelele kwamba anajua. Alimwita mhudumu, akampa ujumbe ampelekee rubani mkuu, kwamba yuko hapa, kazi yake ni hii, akihitajiwa yuko tayari. Kisha akangoja. Haynes akajibu, aje. Alipokuja aliuliza afanye nini, akapewa kazi ya kushika vipini vya nguvu ya injini mbili zilizobaki, akazishika akiwa katikati yao, akiongeza huku na kupunguza huku, kwa maana hiyo ndiyo njia pekee iliyosalia ya kuiongoza ndege. Walifika kiwanja cha Sioux City. Ndege ilivunjika iliposhuka, watu 112 wakafa, lakini 184 wakapona, ambapo kwa hesabu za kibinadamu ilifaa wafe wote.

Mtu huyu alikuwa mwalimu wa kazi ile. Angeweza kusema, “Nipisheni.” Alituma ujumbe, akangoja kuitwa. Sisi walimu wastaafu tuna la kujifunza hapo, maana ugonjwa wetu ni kusahihisha kila kitu tukionacho, hata mahubiri ya padri kijana kabla hajashuka mimbarani.

Sasa tuje katika Neno la Mungu, nalo limejaa lifti kuliko tunavyodhani.

Katika Matendo sura ya 8, Filipo anaambiwa na Roho alisogelee gari la yule Mwethiopia, mtu mkubwa, mtunza hazina wa malkia. Filipo anapiga mbio kando ya gari. Anamsikia anasoma. Angalieni: haruki kuingia. Anauliza swali moja tu, kama yale asomayo anayaelewa. Ni yule mwenye gari anayemsihi apande aketi pamoja naye. Tena Filipo akiisha kupanda hakuanza na habari zake mwenyewe, wala shida za njiani, wala jinsi kanisa la Yerusalemu lilivyotawanywa. Alianza na pale pale msomaji alipokuwa akisoma. Safari ikaisha kwa ubatizo. Nasi twajiuliza, kama Filipo angepanda bila kukaribishwa, je, yule mkuu asingaliwaita askari wake?

Mtume Paulo naye, katika sura ya 27, yumo chomboni kama mfungwa, abiria wa chini kuliko wote. Alikuwa amesafiri baharini mara nyingi na kuvunjikiwa na chombo zaidi ya mara moja, hivyo aliwaonya wasiondoke Bandari Nzuri. Akida akamsikiliza zaidi nahodha na mwenye chombo, na kusema kweli akida hakukosa akili. Nani amwache nahodha amsikilize mfungwa? Paulo hakususa. Tufani ilipokuja aliwakumbusha kidogo kwamba aliwaambia (hata mtume ni mtu), kisha akawatia moyo, akawahimiza wale chakula, akatwaa mkate akamshukuru Mungu mbele ya wote. Na watu 276 wakafika nchi kavu wote. Alikuwa abiria mpaka mwisho, usukani hakuushika.

Tena Yona, aliyelipa nauli yake kamili, alilala chini chomboni wakati wengine wanatupa mizigo. Huyu tumwache, wanaolipa nauli wana somo lao siku nyingine.

Lakini mkubwa kuliko wote ni Bwana wetu mwenyewe. Luka 5 yatuambia kwamba alikuta vyombo viwili kando ya ziwa, wavuvi wametoka wanaosha nyavu. Aliingia katika kimoja, kilichokuwa cha Simoni, akamwomba akisogeze mbali kidogo na nchi. Alimwomba! Yeye ambaye ziwa ni lake, na samaki ni wake, na upepo utamtii baadaye, anamwomba mvuvi aliyekesha usiku kucha bila kupata kitu, ambaye huenda alitaka kwenda kulala. Na alichoomba ni kidogo. Hakumwambia ampeleke ng'ambo siku hiyo. Bwana aliishi duniani kwa vitu vya kupewa: hori la kupewa, chombo cha kupewa, punda wa kupewa, chumba cha juu cha kupewa, kaburi la kupewa. Na punda yule aliahidi kumrudisha upesi.

Hapa tungependa kuishia, lakini iko habari ambayo tumekuwa tukiizunguka tangu mwanzo. Msomaji asidhani tunajificha nyuma ya neno “sisi”. Aliyeketi kwenye kiti hicho ni mwandishi huyu huyu na si mwingine.

Ilikuwa mwaka 1997, wakati kambi ya Lukole imejaa ndugu zetu kutoka Burundi. Siku hiyo tulikuwa na safari ya kwenda Ngara mjini kufuata mshahara. Tulimwona dereva mmoja tuliyemjua, mtu wa Biharamulo, mpole, naye akatupa kiti cha mbele katika pikapu. Mkungu wetu wa ndizi tuliuweka miguuni, tukafunga mlango, tukatulia. Karibu na njia panda watu walimsimamisha. Walikuwa na mwanamke mjamzito, uchungu umemshika, amefungwa kanga kiunoni, ameshikwa na mama wawili. Nyuma ya pikapu mlikuwa na magunia na watu wengi.

Dereva hakutuambia lolote. Alitutazama tu. Gari halikuwa letu, na kiti kilikuwa mkononi mwake kukitoa na kukitwaa. Lakini tulikuwa mwalimu, tena msomaji wa kanisa, na yeye alituheshimu, hakuweza kutuambia tushuke. Aliingoja heshima yetu itushushe. Sisi tukatazama dirishani. Tunakumbuka hata tulichokitazama: mbuzi wawili, mmoja amefungwa mguu. Basi yule mwanamke akapandishwa nyuma, juu ya magunia, na gari likaondoka. Barabara yenyewe mnaijua ilivyokuwa siku zile. Kila lilipoingia shimoni tulisikia sauti nyuma yetu, nasi tukawa tunamwuliza dereva habari za mvua upande wa Biharamulo.

Tulishushwa mjini. Wao wakaendelea hospitalini. Hatukuuliza siku ile, wala siku ya pili, wala hatukumwuliza dereva tulipokutana naye. Kama mtoto alizaliwa salama, leo ni mtu mzima karibu miaka thelathini, pengine ana watoto wake huko Burundi. Hatujui. Tumehubiri mara nyingi juu ya Msamaria mwema tangu wakati huo, na kila tufikapo mahali pale anapompandisha yule aliyejeruhiwa juu ya mnyama wake mwenyewe, ulimi huwa mzito, kwa maana Msamaria alishuka, akaenda kwa miguu.

Tumeiungama dhambi hii mbele za Mungu, nasi twaamini kwamba amesamehe kwa ajili ya Mwanawe. Kwa yule mama hatukupata nafasi. Tunaiandika hapa kwa sababu siku ile ya maziko, walipokuwa wakigombea kiti, tulikuwa tayari kufungua kinywa na kuwakemea wote, ndipo tukawaona tena mbuzi wale wawili, tukanyamaza.

Miaka kadhaa baada ya safari ile ya 1997 tulisimama Benaco tukingoja usafiri, na gari lililosimama lilikuwa la dereva yule yule. Akafungua mlango wa mbele kwa furaha, akasema, “Karibu Mwalimu, kiti chako kipo.” Tukamshukuru, tukamwomba ruhusa tupande nyuma. Hakuelewa, akasisitiza, akadhani labda ametukosea neno. Tukapanda nyuma. Tulipofika akatuuliza kwa nini, nasi tukamjibu kwamba tulitaka hewa. Sasa amestaafu naye, yuko kwao Biharamulo. Kama kuna msomaji aendaye huko atakayependa kutupakia, tunayo barua ya kumpelekea kwa mkono wetu, nasi tutaketi popote tutakapoonyeshwa.